Chakula Chetu na Ushahidi wa Muuzaji



Katika darasa zetu tumezoea kuuliza, kila isomwapo khabari: Nani aliyeipokea, na ameipokea kwa nani? Na katika mlango wa ushahidi tumesoma kuwa haitoshi shahidi awe msema kweli. Hutazamwa pia kama ushahidi wake wamletea faida yeye mwenyewe. Mtu akishuhudia jambo ambalo likithibiti fungu lake litaongezeka, kadhi haupokei ushahidi huo. Wala hasemi kuwa mtu huyo ni mwongo. Husema kuwa ana tuhuma, na aletwe mwingine asiyekuwa na fungu.

Kanuni hii yatumiwa katika mashamba, nyumba na mirathi. Lakini ni wachache waitumiao katika jambo tulifanyalo kila siku, asubuhi, mchana na usiku, nalo ni kula. Muulize mtu kwa nini aamini kuwa chakula hiki kina afya, na kile ni cha kimasikini. Atakwambia, "Yajulikana." Yajulikana kwa nani? Ukiifuata silsila ya maneno hayo hata mwanzo wake, mara nyingi utamkuta muuzaji ameketi hapo, naye amevaa nguo za tabibu. Hili ndilo somo letu la leo.

SOKO LA DARAJA MBILI

Sisi tukaao huku Kisii tuna mfano ulio karibu. Wasomaji wetu wa pwani ambao hawajafika huku wajue kuwa Daraja Mbili ni soko kubwa la wazi katika mji wa Kisii, ambapo huuzwa ndizi na mboga zitokazo mashamba ya Gusii. Humo utaona mafungu ya mnavu, ambao wenyeji huuita rinagu, na ya mgagani, ambao huuita chinsaga. Mgagani una uchungu kidogo, kwa hivyo hupikwa kwa maziwa ili uchungu upungue. Na desturi ya watu wengi wa nchi hii ni kumpa mwanamke aliyejifungua ili apate nguvu. Mnavu hata pwani wajulikana.

Sasa nani huzisifu mboga hizi? Ni yule mama aliyeketi nyuma ya fungu lake, tena kwa sauti yake tu. Yeye pia ni muuzaji, na ana faida. Lakini kila mtu amwona kuwa ni muuzaji, na hapana adhaniaye kuwa ni daktari. Mnavu hauna kampuni. Mbegu yake mkulima aweza kuiweka mwenyewe hata msimu mwingine. Kwa hivyo hapana mtu atoaye fedha ili usifiwe katika redio, wala ubandikwe picha yake barabarani. Kilichomo katika pakiti kina mwenyewe, na mwenyewe ana fedha za kukisemea. Kisichokuwa na mwenyewe hakina msemaji.

Hii ndiyo njia ya kwanza ambayo faida ya wenye viwanda hugeuza fikira za watu. Haikuhitaji uwongo hata neno moja. Chakula kimoja kikisifiwa kila saa, na cha pili kikinyamaziwa miaka 50, watoto watakua wakiamini kuwa cha pili hakina kitu. Mboga hizi zilihesabiwa na wengi kuwa ni magugu, au chakula cha mwenye dhiki. Ilimu ndiyo iliyozirudishia heshima yake. Miongoni mwa walioishughulikia kazi hii ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye mwaka 2010 alipewa tuzo ya Umoja wa Afrika kwa kazi yake ya ilimu. Yeye na wenzake walipima na kuonyesha kuwa mboga hizi zina madini ya chuma, chokaa na vitamini kwa wingi, na nyingi katika hizo zaushinda uzito wa kabeji iliyokuwa ikiheshimiwa kuliko hizo.

MAZIWA YA KOPO

Njia ya pili ni muuzaji kusema kwa ulimi wa tabibu. Mfano wake mkubwa ni maziwa ya unga ya watoto wachanga, nao uliwapata watu wa nchi nyingi za Afrika na Asia.

Mwaka 1974 chama cha War on Want cha London kilitoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller juu ya biashara hii. Kilieleza jinsi makampuni yalivyowaajiri wanawake wavaao mavazi kama ya wauguzi, wakawa wakiwaendea mama waliojifungua na kuwapa makopo ya bure. Mama hakuona muuzaji mbele yake, aliona hospitali. Na kopo la bure lina hila ndani yake. Mtoto akinyweshwa chupa siku chache, maziwa ya mama hupungua, kwa kuwa maziwa huja kwa kunyonywa. Kopo la bure likiisha, hapana budi kununua la pili. Ambaye hana fedha huongeza maji ili unga udumu. Na maji yakiwa si safi, mtoto huhara na kukonda, na wengi walikufa.

Kundi moja la Uswisi liliufasiri ujumbe huo kwa Kijerumani na kuupa anwani iliyoishitaki kampuni ya Nestlé kuwa yawaua watoto. Kampuni ikaenda mahakamani. Mwaka 1976 hakimu alihukumu kuwa anwani hiyo ni kashifa. Lakini papo hapo aliiambia kampuni kuwa yaipasa kuzibadili njia zake za kutangaza. Tazameni insafu hii: mshitaki alipewa haki yake, na makosa yake hayakufichwa. Kisha mwezi wa Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo kwa kura 118. Kura moja tu ilipinga, nayo ni ya Marekani.

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012, ikakataza kuyatangaza maziwa hayo na kugawa makopo ya bure. Hesabu za serikali zaonyesha kuwa mwaka 2003, katika watoto 100 walio chini ya miezi 6, ni 13 tu walionyonyeshwa maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2008 na 2009 walifika 32, na mwaka 2014 wakafika 61. Ongezeko lilianza kabla ya sheria, kwa hivyo hatusemi kuwa ni kazi ya sheria peke yake. Mafundisho ya wauguzi na wakunga yalikuwa na sehemu kubwa. Waislamu tangu chuoni twafundishwa kuwa muda wa kunyonyesha ukitimizwa ni miaka miwili. Lakini ajuaye hukumu aweza kuvutwa na tangazo, akiambiwa kuwa kopo ndilo la kisasa. Na kuna mama ambaye kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine hawezi kunyonyesha. Huyo maziwa ya kopo ni msaada kwake. Ubaya ni kumfanya aliye na maziwa yake ayaone kuwa hayatoshi.

SUKARI NA WANAVYUONI WAKE

Njia ya tatu ni ya siri zaidi, nayo ni kumlipa mwanachuoni. Mwaka 1965 chama cha wenye viwanda vya sukari Marekani, kiitwacho Sugar Research Foundation, kiliwapa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard dola 6,500 ili waandike makala ya kuzichambua khabari za chakula na ugonjwa wa moyo. Makala yalitoka mwaka 1967 katika New England Journal of Medicine, ambalo ni jarida kubwa la matabibu. Yalizitia ila khabari zilizoituhumu sukari, na lawama yakaielekeza kwenye mafuta. Msomaji hakuambiwa nani amelipa. Jarida hilo halikuanza kuwadai waandishi wataje fungu lao ila mwaka 1984. Mambo haya yalijulikana mwaka 2016, pale Cristin Kearns na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipozitoa barua za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa.

Wala msidhani kuwa hayo ni ya kale tu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilieleza kuwa kampuni ya Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuanzisha jumuiya ya wataalamu waliokuwa wakisema kuwa watu washughulika mno na wanachokula na kunywa, na kuwa jambo kubwa ni mazoezi ya viungo. Kabla ya mwaka huo kwisha jumuiya ilivunjwa. Mazoezi ni mazuri, hapana ayakataaye. Lakini angalieni ukweli ulivyotumiwa kuwa pazia la kufunikia ukweli mwingine. Nasi watu wa pwani, ambao chai yetu ni tamu, na harusi zetu na futari zetu hazikosi soda na sharubati, jambo hili latugusa nyumbani. Vinywaji vya sukari huongeza khatari ya ugonjwa wa sukari, na hapana mtaa wetu usiokuwa na mgonjwa wake.

NAZI YETU

Huenda mtu akauliza: Je, kila asemalo mwenye faida ni batili? Jawabu yetu ni hapana, na nazi ndiyo dalili. Katika miaka ya 1980 chama cha wakulima wa soya Marekani kilifanya kampeni kubwa dhidi ya mafuta ya nazi na ya mawese, kikisema kuwa yaharibu moyo. Faida yao ilikuwa wazi, kwani hayo ndiyo yaliyoshindana na mafuta yao. Hata hivyo maneno yao yalikuwa na ukweli: mafuta ya nazi huongeza lehemu mbaya katika damu. Walichokinyamazia ni badali yake. Viwanda vingi viliacha nazi na mawese vikatumia mafuta ya soya yaliyogandishwa kwa hidrojeni. Na mwaka 1990 Mensink na Katan, wataalamu wa Uholanzi, walionyesha kuwa mafuta ya namna hiyo huongeza lehemu mbaya na kupunguza iliyo njema. Marekani iliyaondoa katika vyakula kwa amri ya mwaka 2015, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliwataka watu wote wayaache.

Basi mwenye faida aweza kusema nusu ya kweli, na nusu aliyoificha ikawa ndiyo yenye madhara. Wala haitupasi kwa kuwachukia wale kuwakimbilia wengine, ambao leo wauza mafuta ya nazi kwa bei kubwa wakidai kuwa ni dawa ya kila ugonjwa. Tui katika mchuzi wetu si sumu, wala si dawa.

WAUZAJI WALIO KATIKA SISI

Hapa lazima tuseme neno ambalo baadhi ya watu hawatalipenda. Kuna ndugu zetu wauzao habasoda, asali na michanganyiko ya mizizi kwa jina la tiba ya Mtume, wakaahidi kuwa mwenye sukari au shinikizo la damu atapona na kuziacha dawa zake. Asali ni njema, na kuitumia ni vizuri. Lakini aliyebandika jina la dini juu ya chupa yake ili iuzike amefanya lile lile alilofanya mwenye kopo alipomvika mwajiriwa wake nguo za muuguzi, tena hili ni zito zaidi. Mgonjwa akiziacha dawa zake kwa maneno hayo akapofuka, au akakatwa mguu, nani atakayejibu? Kanuni ya shahidi haimtazami mtu kanzu yake. Humtazama faida yake.

YATUPASAYO

Kila lifikapo neno juu ya chakula, likitoka redioni, katika simu, shuleni au hata baada ya sala, na tuulize maswali manne. Kwanza, nani alipaye neno hili lisemwe? Pili, kitu gani ambacho msemaji amekinyamazia? Tatu, nikikiacha chakula nilichokizoea, badali yake itakuwa nini? Nne, yuko shahidi mwingine asiyekuwa na fungu, kama vile daktari au muuguzi asiyeuza bidhaa hiyo, aliyesema kama hayo?

Lisilopata shahidi wa pili tusiliite uwongo, wala tusilifanye ilimu. Tuliache mahali pake mpaka lithibiti. Na walimu wa vyuo na madrasa twawaomba wawafundishe watoto maswali haya, kwani mtoto ndiye alengwaye zaidi na matangazo, naye ndiye asiyeweza kujitetea. Mzee aliyedanganywa huenda akala mwezi mmoja akaacha. Mtoto aliyefundishwa na muuzaji atakula hivyo umri wake wote, kisha naye atawafundisha wanawe, na wao wakiulizwa watasema, "Yajulikana."

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuongoza.