SOMO LA 14: NGOZI ULIYOPEWA NA MUNGU

Fungu la kusoma: 1 Samweli 16.1-13
Mstari wa kushika moyoni: Zaburi 139.14

Wapendwa, nabii Samweli alipomwona Eliabu, mwana wa Yese, alidhani kwamba huyu ndiye mfalme, kwa sababu ya sura na urefu wake. Lakini Mungu alimkataa, akamchagua Daudi aliyekuwa akichunga kondoo. Ikiwa hata nabii alidanganywa na macho yake, sisi nasi tujiangalie.

1. Habari ya binti mmoja
Binti mmoja alipasuliwa tumbo ili mtoto wake azaliwe. Mtoto alilia vizuri, tukamshukuru Mungu. Lakini tulipokuwa tukimshona mama yake, uzi ulikata ngozi kama karatasi iliyolowa maji. Kidonda kilikaa wazi siku nyingi, kikatoa harufu, hata wagonjwa wa vitanda vya karibu wakageuza uso.

Nikamwuliza, “Binti yangu, unajipakaa nini?”
Akalia, akasema, “Baba, mafuta ya kuwa mweupe. Sasa ni miaka mitatu.”
Nikamwuliza nani alimwambia kwamba ngozi yake ni mbaya. Hakujibu. Alinionyesha tu simu yake, na ndani yake picha za wasichana weupe, wenye uso laini kama yai.

2. Picha inaweza kusema uongo
Jioni ile mtoto wangu alinipiga picha kwa simu yake. Nilipoitazama, nilikuwa mweupe kuliko nilivyo, na makunyanzi yangu yametoweka. Sikupakaa kitu, simu yenyewe ilifanya hivyo. Basi binti zetu wanajilinganisha na sura ambayo hata mwenye picha hana. Na muuzaji anapata faida binti akijichukia, kwa maana anayependa ngozi yake hanunui dawa ya kuigeuza.

3. Mafuta hayo hufanya nini?
Weusi wa ngozi ni kinga juu ya jua kali. Mafuta mengi ya kuuondoa yana kimoja cha vitu hivi, au zaidi, hata kama kopo halikuandikwa:
(a) Hidrokinoni. Huzuia ngozi kufanya weusi wake. Ikitumiwa muda mrefu, inaweza kuleta madoa meusi usoni yasiyotoka.
(b) Klobetasoli. Ni dawa nzuri ya magonjwa ya ngozi, kwa amri ya muganga na kwa muda mfupi. Ukiipakaa mwili mzima miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba na yenye michirizi, vidonda vinakawia kupona, na damu na sukari zinaweza kupanda.
(c) Zebaki. Huharibu mafigo na mishipa ya fahamu, nayo hupita hata kwa mtoto tumboni. Kwa mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, mataifa mengi yalikubali kukataza mafuta ya namna hii baada ya mwaka 2020. Hata hivyo yangali yanauzwa.

4. Tufanye nini?
Wewe unayejipakaa, usiache dawa ya nguvu kwa ghafula, kwa maana mwili ulioizoea unaweza kulegea kwa hatari. Njoo hospitali na kopo lako. Hatutakucheka. Ukiwa na mimba, au kabla ya kupasuliwa, usifiche jambo hili.

Wazazi, tuache kumsifu mtoto mweupe mbele ya ndugu yake mweusi. Vijana wanaume, mnapotafuta mchumba mweupe tu, ninyi nanyi mnauza mafuta hayo. Simu ilikuta mbegu ambayo sisi tulikuwa tumekwisha kuipanda.

Kidonda cha yule binti kilifunga baada ya majuma sita. Siku ya kurudi kwao alimfunua mtoto wake, mweusi wa kung'aa, akaniambia, “Baba, huyu hatasikia kwangu kwamba ngozi yake ni mbaya.”

Maulizo
1. Samweli alikosea namna gani?
2. Kwa nini kidonda cha yule binti kilikawia kufunga?
3. Ni maneno gani ya nyumbani mwako yanayomfanya binti ajichukie?