Je, Biashara Yako Imekomaa Kidijitali?

Siku hizi ni vigumu kuona duka lisilokuwa na simu juu ya meza. Safaricom ilianzisha M-Pesa katika nchi ya Kenya mwezi wa Machi 2007, na MTN ikaanzisha huduma ya namna hiyo hapa Uganda mwezi wa Machi 2009. Tangu hapo fedha husafiri pasipo mtu kuzibeba. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba mwenye duka aliyenunua simu kubwa na kompyuta amekwisha kuendelea. Sivyo. Kununua jembe si kulima.

Wataalamu wa biashara wana neno lao: ukomavu wa kidijitali. Maana yake ni jinsi biashara inavyoweza kutumia kompyuta, simu na intaneti hata ikafanya kazi yake vizuri zaidi kuliko pasipo vyombo hivyo. Basi kinachopimwa si idadi ya vyombo, bali ni kazi inayofanyika kwa vyombo hivyo. Nataka kueleza jinsi ya kuupima ukomavu huo na jinsi ya kuuongeza, kwa faida ya wenzangu wanaosaidia maduka ya wazee wao wakati wa likizo, na ya ndugu zetu waliokwisha kuhitimu ambao sasa wana biashara zao wenyewe.

MASWALI MANNE

Swali la kwanza: Je, yaliyoandikwa yanalingana na yaliyomo stoo? Tuseme duka lilianza juma na magunia 40 ya sukari, likapokea 20, likauza 35. Kompyuta itasema yamebaki 25. Ingia stoo ukahesabu. Ukikuta 23, ama mawili yameibwa, ama yameuzwa bila kuandikwa, ama yale yaliyopokewa hayakutimia 20. Kompyuta haiwezi kukuambia ni lipi. Yenyewe hujumlisha uongo kwa wepesi ule ule inaojumlishia kweli.

Swali la pili: Je, jambo moja huandikwa mara moja tu? Ikiwa karani huandika mauzo katika daftari, na jioni mwingine huyanakili katika kompyuta, na risiti ya kodi hutolewa kwa chombo cha tatu, basi makosa yana milango mitatu ya kuingilia. Hapa Uganda mamlaka ya kodi ilianza mwezi wa Januari 2021 kuwataka wafanya biashara walioandikishwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watoe risiti kwa njia ya EFRIS. Wengi waliona ni mzigo, na mwezi wa Aprili 2024 wenye maduka wa Kampala walifunga milango yao kuonyesha kutoridhika. Sababu zao zilikuwa nyingi, wala si kazi yangu kuzihukumu. Lakini kwa somo letu yafaa tujue hivi: chombo kinachotumika kwa ajili ya mkaguzi peke yake kitakuwa mzigo daima. Risiti zile zile zaweza kumwonyesha mwenye duka bidhaa gani zinatoka upesi na zipi zinalala.

Swali la tatu: Je, kuna watu wawili wanaoweza kufungua hesabu? Mara nyingi kijana mmoja wa nyumbani ndiye aliyepanga kila kitu. Akaunti ina jina lake, na neno la siri limo kichwani mwake. Siku akienda chuoni, au akiugua, duka limepofuka. Mzee hajui anamdai nani wala anadaiwa na nani. Jamaa zaweza kugombana kwa jambo hili, maana asiyeona hesabu huanza kudhania mabaya.

Swali la nne: Je, mashine ikinyamaza au ikikosea, kuna njia nyingine? Wakati wa uchaguzi mkuu wa Januari 2021 intaneti ilifungwa katika nchi hii kwa siku zipatazo tano. Aliyekuwa na daftari la karatasi aliendelea kuandika mauzo yake. Asiyekuwa nalo alikisia.

FUNDISHO KUTOKA UINGEREZA

Kunyamaza kwa mashine huonekana, lakini kukosea kwake hujificha. Shirika la Posta la Uingereza lilianza mwaka 1999 kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu, katika maelfu ya posta zake. Programu ilipoonyesha kwamba fedha zimepungua, wakuu wa posta ndogo waliambiwa walipe. Walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye shida hiyo. Hata kufikia mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa hesabu za namna hiyo. Wengine walifungwa gerezani, wengine walifilisika. Mwezi wa Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Shirika lile halikukosa kompyuta hata kidogo. Lilikosa desturi ya kumsikiliza mtu anaposema, "Hesabu hii si kweli."

KUTOA ALAMA NA KUENDELEA MBELE

Kwa kila swali toa alama 2 kama jibu ni ndiyo kamili, 1 kama ni nusu, na 0 kama ni hapana. Jumla ni 8. Usishangae duka lenye simu moja na daftari safi likipata 6, na duka lenye kompyuta tatu likipata 2.

Ukiisha kupima, usikimbilie kununua. Anza kwa kuhesabu bidhaa zote kwa mkono na kuandika jumla. Pasipo msingi huo yote yatakayofuata ni bure. Kisha chagua jambo moja tu, kama mauzo ya kila siku, liandikwe mahali pamoja na kila mtu dukani. Wafundishe watu wawili, wala si mmoja. Kila Jumamosi hesabuni tena bidhaa chache na kuzilinganisha, na nakala ya hesabu iwekwe mbali na duka. Mwisho, mwenye duka mwenyewe asome hesabu hizo kabla hajaagiza mali mpya. Kama haagizi kwa kuzifuata, zimeandikwa bure. Baada ya miezi mitatu rudia maswali yale manne. Alama zikipanda, ndipo ufikirie kununua chombo kingine.

Nanyi wenzangu, mtakapofika nyumbani likizo hii, msianze kwa kuwaonyesha wazee programu mpya. Ombeni kwanza ufunguo wa stoo.