Saa ya Urithi: Ing'arishwe au Iachwe?

Swali: Nimerithi Rolex Submariner ya baba, ya miaka ya 1970. Kasha lina mikwaruzo. Naipeleka sevisi, nikubali ing'arishwe?

Jibu: Usikubali. Kung'arisha hakuzibi mkwaruzo. Hukwangua chuma kinachouzunguka mpaka kilingane nao. Kila mara kasha hupungua, na kingo kali pale mkanda unaposhikwa huwa butu. Chuma hicho hakirudi, na wakusanyaji wa saa za zamani hulipa zaidi kwa kasha lisiloguswa.

Kusafisha mashine, kutia mafuta na kubadili mipira ya kuzuia maji hakuhitaji kung'arisha. Mafundi wengi hung'arisha kwa mazoea, hivyo andika kwenye fomu: "Msing'arishe kasha wala mkanda. Msibadili uso wala mishale bila idhini yangu."

Saa mpya ya kila siku yaweza kung'arishwa, tena mara chache. Ya baba, iache.