Mdogo wangu, chagua mkoa mmoja ule ushibe

Haya, sogea nikwambie, mdogo wangu. Likizo umepata, nauli umeibana mwaka mzima, viza ya Schengen bado unaiandama, na sasa umeniletea ratiba yako ya Ufaransa niitazame. Nimeitazama. Jumatatu Paris, Jumatano Strasbourg, Alhamisi Lyon, Ijumaa Nice, Jumapili Mont-Saint-Michel, halafu Paris tena ukapande ndege. Sikulaumu, maana karibu kila anayeniuliza habari za safari hiyo huja na karatasi ya namna hiyohiyo. Mtu huona akifika mbali vile bila kuvimaliza vyote atakuwa amejidhulumu. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tano. Utarudi umechoka, simu imejaa picha, na ukiulizwa ulikula nini utataja mkate wa jibini ulioununua stesheni huku ukikimbilia treni. Hilo ndilo linaloniuma.

Nisikilize. Ufaransa chakula kina kwao. Kabichi chachu yenye nyama ni ya Alsace, kule mpakani na Ujerumani. Cassoulet, yale maharage meupe yanayopikwa taratibu na nyama kwenye chungu, ni ya Toulouse, Carcassonne na Castelnaudary, na miji hiyo mitatu bado inabishana nani mwenyewe. Nice wana socca, inayopikwa kwa unga wa dengu na mafuta ya zeituni. Lyon wana vijihoteli vyao vinavyoitwa bouchon. Vyote hivyo utavikuta Paris, sikatai, lakini kula kitu kwao, mezani pamoja na watu waliokulia nacho, ni habari nyingine. Kwa hiyo chagua mkoa mmoja. Mmoja tu, ukae humo, muuza mikate akuzoee.

Ukiniuliza mimi, nitakutuma Bretagne, ile pembe ya magharibi iliyojichomeka baharini. Kutoka Paris, stesheni ya Montparnasse, treni ya kasi inafika Rennes kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ukifika, tafuta crêperie, mkahawa wa vyakula vya namna ya chapati nyembamba, ukae mahali unapoweza kumwona mpishi. Mbele yake kuna bilig, chuma cha mviringo kilicho bapa, kimepashwa moto na kupakwa mafuta. Anamwaga upawa mmoja wa uji wa unga, kisha anauzungusha kwa rozell, kijiti chenye umbo la herufi T, kwa mkono mwepesi kweli, mpaka uji unaenea mwembamba hadi ukingoni. Kingo zikianza kukauka na kujiinua, anapitisha chini yake spanell, mwiko mrefu mwembamba wa mbao, na kugeuza mara moja. Siagi ya chumvi, yai, jibini. Anakunja pembe nne, inakuwa mraba, na kiini cha yai kinabaki wazi katikati. Hiyo ndiyo galette. Aliyezoea chapati za maji ataielewa upesi, ila unga wake ni wa blé noir, mmea ambao si ngano hata kidogo, wenye rangi ya kijivu na ladha ya kitu kilichobabuka kidogo. Kula hiyo kwanza. Ile ya sukari, ya unga wa ngano, ambayo ndiyo crêpe unayoijua, inafuata baadaye. Usianze na tamu kwa pupa halafu ukashindwa na chakula chenyewe.

Wenyeji huteremshia kwa sida ya matofaa, wanayoinywa kwenye bakuli. Ni kileo hiyo, hata kama si kikali, usije ukaletewa ukadhani ni juisi. Asiyekunywa aagize lait ribot, maziwa ya mgando yanayonywewa baridi. Aliyelelewa kwa mtindi, au maziwa lala kwa ndugu zetu wa Kenya, hatahitaji kubembelezwa.

Na hapa niseme na ninyi Waislamu, maana barua zenu ni nyingi na najua mnavyoona haya. Nguruwe yuko sehemu nyingi kuliko unavyofikiri. Galette complète ina jambon, na jambon ni nguruwe. Sema sans jambon, watakutengenezea ya yai na jibini bila kununa. Siku ya Jumamosi asubuhi, Rennes kuna Marché des Lices, moja ya masoko makubwa ya chakula Ufaransa, na harufu ya galette-saucisse itakuita kutoka mbali. Ile soseji ni ya nguruwe. Kuna vipande vidogo vinaitwa lardons, hivyo hujificha kwenye quiche lorraine, kwenye flammekueche ya Alsace, hata juu ya saladi iliyoandikwa kwa maneno mazuri tu. Kome nao, wanyama wa bahari wasio na neno lolote, mara nyingi huchemshwa kwa mvinyo mweupe. Coq au vin ya kuku na bœuf bourguignon ya ng'ombe, mvinyo wake ndio mchuzi wenyewe. Jifunze sentensi moja, je ne mange pas de porc, yaani sili nguruwe, na nyingine ya kuuliza kama kuna mvinyo ndani, uziseme bila kuinamisha kichwa. Kuuliza si ujinga. Ninachokiogopa kwako ni kile kimya, ule utaratibu wa kula kwa aibu halafu kulala usiku mzima moyo unakusuta. Kama ulishateleza bila kujua, acha kujitesa, Mungu anajua nia. Safari hii uliza.

Sasa lile jambo la nyuso kavu. Wengi mnaniandikia kwamba Wafaransa wana kiburi, kwamba uliingia dukani ukauliza bei ukajibiwa kama umetukana. Ulisalimia? Huko salamu ndiyo mlango. Ukiingia kwa muuza mikate, kwa mfamasia, hata ukipanda basi, unasema bonjour kwanza, unamwangalia mtu usoni, unangoja akujibu, ndipo unataja shida yako. Jioni ni bonsoir. Ukitoka, merci, au revoir, hata kama hukununua. Kuruka salamu ukaenda moja kwa moja kwenye "kiasi gani" ni utovu wa adabu kwao kama ulivyo kwetu, sema kwetu tunasamehe mgeni upesi zaidi. Na ninyi wa Bukavu, Goma na Bujumbura, ninyi Kifaransa mnacho, lakini angalieni ile "tu" ya haraka, ile "wewe" ya marafiki. Mtu usiyemjua ni vous mpaka yeye mwenyewe akufungulie.

Lakini sitakudanganya, mdogo wangu. Ubaguzi upo. Ukisalimia vizuri, ukasubiri zamu yako, na bado mtu akakudharau kwa rangi yako au kwa mtandio wako, usijigeuze wewe mkosaji. Beba pesa yako utoke, duka la pili lipo. Ninachokuomba ni kwamba usianze safari ukiwa umeshajiandaa kuumia, kwa sababu moyo uliokunjwa hivyo haupokei hata wema, na wema utaukuta mwingi.

Nenda sokoni asubuhi uuone. Masoko ya mitaa yana siku zake, na ikikaribia saa saba mchana meza zinafungwa. Usishike matunda, mwenye meza ndiye anayechagua. Atakuuliza tikiti unalila leo au kesho. Jibu kwa ukweli, maana ataliinua, atalinusa pale kwenye kikonyo, atalibonyeza kwa dole gumba, alirudishe, achukue jingine, mpaka apate la siku uliyomtajia. Muuza jibini naye hufanya hivyohivyo na camembert. Mtu anayejali chakula chako cha kesho huyo, na hakujui. Msubiri, hata kama foleni ni ndefu. Wote waliokuwa mbele yako walisubiriwa.

Njaa ndiyo itakayokutia adabu. Sisi tumezoea kwamba saa tisa alasiri mtu anapata wali wake, saa kumi na moja anapata chipsi. Kule jiko linafunguka saa sita, saa nane linafungwa, na kulifungua tena ni saa moja au moja na nusu jioni. Ukifika saa nane na nusu umebeba begi na watoto wanalia, utaambiwa jiko limeshafungwa, na ndivyo lilivyo, hakuna wa kumbembeleza. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Kula mchana, na kula vizuri, maana mchana ndipo bei inapokuhurumia: tafuta kibao kilichoandikwa "plat du jour", chakula cha siku, au "formule", mlo wa bei moja. Omba carafe d'eau, ni maji ya bomba, salama na ya bure, na mkate huletwa mezani bila malipo ya ziada. Huduma imeshahesabiwa kwenye bei, kwa hiyo usikose usingizi kwa hesabu za bakshishi. Ukiacha sarafu chache umefanya uungwana. Ukikuta pameandikwa service continu, hapo wanapika mchana kutwa, pakumbuke kwa siku ya dharura. Jumapili mchana na Jumatatu, miji midogo hufunga kabisa. Nunua chakula Jumamosi, mdogo wangu. Nimeshasema.

Kuna wenye moyo mwingine, wanaopenda joto na makelele, hao nawaelekeza Marseille. Pale kuna Wakomoro wengi sana, na Kikomoro ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, kwa hiyo usishangae ukiwa kwenye mitaa ya soko la Noailles sikio likashtuka kwa maneno unayoyajua. Nyama halali haikusumbui pale. Ila jihadhari na bouillabaisse, mchuzi wao wa samaki, ya bei rahisi pale bandarini. Baadhi ya wenye migahawa ya mji waliandikiana mkataba mwaka 1980 kuilinda: iwe na aina nne za samaki au zaidi, na samaki wakatwe mbele ya mlaji, mchuzi ukiliwa na mkate uliobanikwa na rouille, ile sosi ya kitunguu saumu na pilipili. Samaki wa namna hiyo ni ghali. Ukiuziwa kwa bei ya supu, umeuziwa supu.

Ikitokea mwenyeji amekualika kwake, nenda. Mwaliko wa nyumbani huko hautolewi ovyo. Chelewa dakika kumi au kumi na tano, usiwahi, maana utamkuta na aproni. Peleka maua, au kahawa ya Kilimanjaro, au khanga. Nyama na maziwa usibebe, forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu abiria kuviingiza. Mkate weka juu ya meza pembeni ya sahani, ndivyo wanavyofanya. Na usishibe mwanzoni! Kinachoanza kuja ni utangulizi, halafu chakula chenyewe, halafu jibini, halafu kitamu, ndipo kahawa. Mwaka 2010 UNESCO iliuandika mlo huo wa Wafaransa katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na ni ule ukaaji wenyewe, mpangilio na mazungumzo, ulioandikwa. Jibini la pembe tatu ukilikata, usiondoke na ile ncha, kwa sababu ndipo palipo patamu na kila mtu anapaswa kuonja; kata kwa ubavu. Simu iache ndani ya mkoba. Watabishana kuhusu siasa mpaka utadhani wamegombana. Hawajagombana. Wakikuuliza maoni yako, toa.

Na Bretagne ukisikia kuna fest-noz, ngoma ya usiku ya kijijini, nayo imo UNESCO tangu 2012, usikae ukutani na kamera. Watu huunda mstari, wazee kwa watoto, wameshikana vidole vidogo tu, mikono inapanda na kushuka. Mtu akikunyooshea kidole, shika. Hatua utazikosea, mstari utakubeba.

Kabla hujalipia chochote, basi, kaa na kalenda. Tarehe 1 Mei karibu kila kitu hufungwa, hata usafiri wa miji mingine husimama, na Mei nzima ina sikukuu ambazo watu huziunganisha na wikiendi wakaondoka. Agosti Wafaransa wenyewe wako likizo, wana majuma matano ya malipo kwa sheria tangu 1982 na wanayatumia. Vyumba vya ufukweni hupanda bei, na Paris utakuta muuza mikate wa mtaa amebandika karatasi mlangoni kwamba atarudi mwezi ujao. Kama unakwenda kukaa kwa ndugu yako, mwambie mapema aende ofisi ya meya kuomba attestation d'accueil, hati ya kumpokea mgeni unayoihitaji kwa viza, asingoje wiki ya mwisho. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, hilo halina mjadala. Na kazini ukiweza, omba likizo isogezwe hadi Septemba. Shule zimefunguliwa, bei zimeshuka, kome wa ghuba ya Mont-Saint-Michel wako kwenye msimu, na Cancale, pale bandarini, utanunua chaza dazeni moja, wakufungulie na kukupa limau, ukae kwenye ukuta wa bahari ule kwa mkono.