Mkono wa mdogo wangu utakunjika tena?

*Daktari, mdogo wangu alianguka na bodaboda miezi minne iliyopita. Vidole vinafanya kazi, ila kiwiko hakikunjiki kabisa. Tumeshauriwa upasuaji wa kuhamisha neva. Naogopa: je, wakigusa neva nzima, hatapoteza na vidole? Dada, Morogoro*

Poleni sana. Unaogopa kwamba kuponya kiwiko kutaua vidole. Ni nadra.

Neva za mkono hutoka shingoni. Mtu akianguka, kichwa na bega huweza kuvutwa pande tofauti, neva zikachanika au kung'oka kwenye uti wa mgongo. Zikishang'oka hivyo, kwa kawaida haziwezi kushonwa zilipotoka, kwa hiyo daktari huazima kwa neva jirani. Mwaka 1994 Mfaransa Christophe Oberlin na wenzake walieleza njia yao: neva inayopita nyuma ya kiwiko, ile inayokupiga shoti ukijigonga, ina nyuzi nyingi ndani. Huchukuliwa chache tu na kuungwa kwenye tawi la neva ya msuli unaokunja kiwiko. Vidole huweza kufa ganzi kwa muda.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kalenda. Msuli usio na neva hunyauka, na matokeo mazuri huja upasuaji ukifanyika ndani ya miezi 6 hivi. Ombeni rufaa wiki hii kwa daktari bingwa wa upasuaji wa neva, afanyiwe MRI na kipimo cha umeme wa neva na misuli. Huku nyumbani, mnyoosheeni viungo kila siku visikakamae.

Baada ya upasuaji, neva huota takriban milimita 1 kwa siku. Msikate tamaa mkono ukikaa kimya miezi kadhaa, mazoezi yaendelee.