Dondoo Muhimu: Kasha Dogo la Kompyuta Linalopozwa kwa Maji

Hewa ya Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ya Iringa ni baridi lakini nyepesi, hivyo ubaridi huo usimshawishi fundi kupunguza rejeta, yaani kifaa kinachohamishia joto la maji hewani.

1. Pima rejeta, feni na mipira kabla ya kukata bati, kwa kuwa mpira uliokunjwa huzuia maji.
2. Usichanganye shaba na alumini katika mzunguko mmoja, kwani alumini huliwa. Rejeta nyingi za magari ni za alumini.
3. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyovukizwa yakaacha chumvi, na usome lebo, maana baadhi ya "maji ya betri" ni asidi.
4. Weka tangi juu ya pampu.
5. Jaribu uvujaji kwa saa 24, pampu pekee ikiwa na umeme.