Bustani ya Nyumbani Katika Baridi ya Nakuru

Mtu wa pwani ahamiapo Nakuru hudhani kuwa Kusi ni Kusi popote. Sivyo. Mji ule u juu ya bahari kiasi cha mita 1,850, na usiku wa Juni, Julai na Agosti ni wa baridi hasa. Bamia za kwao hudumaa. Sukuma wiki, kabichi na karoti hustawi. Udongo nao, ambao asili yake ni majivu ya volkeno, ni mwepesi, hunywa maji upesi. Basi yapasa kuutia samadi iliyooza vyema. Viazi viangaliwe sana, kwani baridi ikichanganyika na unyevu, ugonjwa huyababua majani yote kwa siku chache. Maji yatiwe asubuhi, si jioni, majani yasilale yamerowa.

Wala kazi hii asiachiwe mama peke yake, kama tuonavyo katika nyumba nyingi. Baba alime, watoto wapalilie. Mtoto aliyepanda karoti kwa mkono wake haiachi sahanini. Ama zaka, katika madhehebu ya Imam Shafi mboga hazina. Lakini jirani asiye na kiwanja apelekewe fungu lake.